Kushuka Kilima cha Kamulanga Bila Freni

Freni za mashini yetu ziliisha kabla muke wangu Marguerite hajaanza kuumwa. Sikuzibadilisha kwa sababu hakuna aliyekuwa nazo, wala Kasongo, wala Kindu.

Ni buldoza ya zamani. Kampuni iliyofungua barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare iliiacha kijijini kwetu, juu ya kilima cha Kamulanga. Walibeba mabati yao, wakabeba matanki ya maji, mashini ikawashinda. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha, wakaniachia ufunguo. Tangu hapo, mvua ikikata barabara, wenye kamyo za mizigo za Salamabila wanatoa mazut ya kuiwasha, ninashuka, ninasukuma udongo, ninapanda tena. Nimezeeka katika kazi hiyo. Sikusoma. Nilijifunza kwa kukaa karibu na mwenye kujua, nikitazama mikono yake.

Mashini ya minyororo haina usukani. Iko na fimbo mbili mbele ya kiti. Ukivuta ya kushoto, munyororo wa kushoto unakosa nguvu, wa kuume unaendelea, basi mashini inageuka kushoto. Freni ilikuwa ya kumalizia. Ukiikanyaga, inageuka pale pale ulipo. Bila freni inageuka kwa uvivu, na wewe unaanza kugeuka mbali, kabla ya kona kufika.

Hiyo ni kwenye tambarare. Kwenye kushuka ni kinyume. Uzito wenyewe unasukuma. Ukivuta fimbo ya kushoto, munyororo wa kushoto unaachiliwa, unakimbia, na mashini inakwenda kuume. Ukitaka kuume, vuta kushoto. Kila mutu niliyemufundisha alielewa maneno hayo. Tatizo ni mikono. Mikono haielewi maneno.

Na kusimama, unasimama kwa bamba, lile chuma pana la mbele. Unalishusha polepole mpaka liume ardhi. Ukiliangusha, mashini inaruka na wewe unatupwa mbele yake. Tena usianze kushuka bamba likiwa tupu. Kusanya udongo kule juu, ushuke unausukuma. Udongo unakataa kwenda, mashini inataka kwenda, na wewe unapita katikati yao. Wakigombana vizuri, mwendo ni laini, hata kikombe cha maji hakimwagiki.

Marguerite alikuwa mumoja wa wanawake waliochimba mifereji ya maji kando ya barabara. Alitoka ng'ambo ya muto Luama, upande wa Kabambare. Siku ya kwanza kunisemesha alisema, "Wewe unaendesha hii kitu kama mutu aliyebeba mutoto amelala." Nilimuambia ni woga. Alicheka. Kwao nusu wanasali musikitini, nusu kwa padri. Alibatizwa ili tuoane. Freni zilipoisha, alikuwa akitembea juu ya ukingo wakati ninaposhuka, akinionyesha kwa mukono vitu ambavyo bamba linanizuia kuviona: jiwe, shimo, mbuzi. Hakuwahi kupiga kelele. Nilikuwa ninamutazama yeye kuliko barabara.

Aliumwa tumbo. Tulimupeleka Kasongo kwa pikipiki, katikati yangu na shofeli, kichwa chake mugongoni mwa shofeli. Alirudi ndani ya gari ya paruasi, ile ya mapadri, amelala. Tulimuzika nyuma ya nyumba, karibu na mihogo yake. Watoto walifika kutoka Bukavu na Kalemie, wakalia, wakarudi kazini. Nikabaki kwenye mukeka.

Maana kwao Marguerite, mwanaume akifiwa na muke anakaa kwenye mukeka na mikono yake haishiki chuma. Jembe, panga, sufuria, hata kufuli ya mulango, hapana. Anapikiwa. Hanyolewi. Anangoja dada mukubwa wa marehemu afike, amunyoe, amuoshe mikono, amuambie asimame. Bila hivyo, wanasema, marehemu anaendelea kumushika. Mimi siamini kila kitu. Marguerite aliamini, na sikutaka kufanya mambo yangu kwa sababu tu hawezi tena kuniona.

Lakini nilikuwa nimechoka na ule mukeka. Mugongo, magoti. Asubuhi nilisikia majembe ya wengine yakienda shamba. Mihogo yake ilikuwa inaliwa na nyasi mbele ya macho yangu. Nilitaka mutu aniambie simama.

Dada mukubwa ni Yaya Zaina. Amenipita umri, na nyonga yake moja haifanyi kazi. Alikuwa njiani kutoka Kabambare wakati mvua kubwa iliponyesha, na upande mumoja wa Kamulanga ukaanguka juu ya barabara.

Aliyeniletea habari ni mudogo wao, Abdallah. Alikuja na pikipiki kwa njia ya mbuzi, matope mpaka kwenye kofia.

"Hodi kwa mwizi," akasema pale mulangoni. Ananiita hivyo tangu nilipomuoa dada yake.

"Ingia, muongo."

Alikaa, akanitazama.

"Umekonda, shemeji. Wanakupa nini?"

"Sombe."

"Na samaki?"

"Sombe tu. Majani ya mihogo."

"Dada yangu alikuharibu. Alikuzoeza samaki." Akajifuta uso kwa kofia. Halafu akasema, "Yaya iko chini ya kilima. Tulikodi jeep. Udongo umejaa barabarani, gari haipiti. Shofeli anasema jua likizama na barabara haijafunguka, anageuza."

"Mumubebe kwa tipoye, kiti cha mabegani."

"Tulimuambia. Alisema watu wanne watamubeba siku yake ikifika, leo bado."

"Pikipiki?"

"Na nyonga ile? Atafika vipande vipande."

Kuku aliingia, akatoka.

"Akigeuza," nikasema.

"Akigeuza harudi. Unamujua. Hata musikitini haendi tena, ametoka kwa ajili ya Marguerite. Atakufa kule bila kuona kaburi, na wewe utakufa hapa na nywele za mwendawazimu."

Alisema kweli. Mashini ilikuwa pale nje, ninaiona kutoka kwenye mukeka. Kamyo moja ilikuwa imekwama upande wetu, na shofeli wake alikuwa tayari kutoa mazut yote tunayotaka. Kilichokosekana ni mikono yangu.

Abdallah alifuata macho yangu.

"Mikono yangu," akasema. "Mudomo wako. Mudomo si chuma."

"Umewahi kuendesha nini?"

"Pikipiki. Na wake wawili."

"Pikipiki iko na freni."

"Wake hawana. Kwa hiyo ninajua."

Sikucheka, lakini nilisimama. Ilikuwa kusimama kwa muda tu, nilijisemea. Alitoa ufunguo kwenye musumari, mimi sikuugusa. Kupanda kulikuwa aibu. Ngazi ya mashini ni chuma, na bila kushika mutu hapandi. Abdallah na shofeli wa kamyo walinisukuma kwa chini kama gunia, mimi mikono juu. Walitandika mufuko mutupu juu ya sanduku la vyombo, kuume kwa kiti, nikakaa pale. Mikono nikaiweka chini ya mapaja, nikaikalia.

Mashini iliwaka kwa shida, ikakohoa moshi. Nilimuambia Abdallah aweke vitesi ya kwanza, ile gia ya polepole, na tukiwa tunashuka asiitoe hata akimuona malaika. Tulizunguka kwanza uwanjani. Alivuta kushoto, ikaenda kushoto. Akavuta kuume, ikaenda kuume. Akafurahi.

"Shemeji, hii kazi ulikuwa unatudanganya ni ngumu."

"Tukifika kwenye muteremuko, ni kinyume."

"Ulisema. Kushoto ni kuume."

"Rudia."

"Nikitaka kuume, ninavuta kushoto. Nikitaka kushoto, ninavuta kuume. Na wewe ukitaka mukojo, uniambie mapema."

Juu ya kilima nilimufanya ashushe bamba na kukusanya udongo mpaka ukawa kama tumbo mbele yetu. Ndipo tukaanza kushuka. Kuume kuna ukuta wa kilima, kushoto kuna bonde. Chini kabisa katika bonde ni vilele vya michikichi. Nilitazama kwenye ukingo, kwa mazoea. Hakukuwa na mutu.

"Achia kidogo bamba. Kidogo. Hivyo. Usikimbize, sikiliza motere. Ikilia, shusha. Ikinguruma, acha."

Alijitahidi. Jasho lilimutiririka mpaka kwenye kidevu, lakini mwendo ulikuwa karibu na laini. Nilitaka sana kutoa mikono. Ilikuwa inaniuma, nadhani si kwa sababu ya kuikalia. Kila kitu ambacho mikono hufanya bila kuniuliza, sasa ilibidi nikitafutie neno, na mara nyingine neno lilichelewa.

Tulifika kwenye udongo ulioanguka. Ulikuwa mwekundu, una miti ndani yake, mizizi juu. Kule ng'ambo niliiona jeep, na kando yake, kwenye kiti cha plastiki, kitu kidogo chenye kitambaa cheupe kichwani. Yaya Zaina. Alikuwa anatutazama. Shofeli wake alikuwa anatazama jua.

Kazi ilikuwa hivi: unachota udongo kwa bamba, unaupeleka kushoto mpaka kwenye ukingo wa bonde, udongo unaanguka, wewe unarudi kinyumenyume kwa kupanda, unachota tena. Tulifanya hivyo, tukafanya tena. Muti mukubwa ulitusumbua, ukaenda. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye michikichi. Ilibaki rundo moja upande wa chini, karibu na ukuta.

Abdallah alikuwa ametoka kumwaga udongo bondeni. Bamba lilikuwa tupu, limeinuka. Pua ya mashini ilikuwa bado inatazama bonde kidogo. Kwa haki ningemuambia arudi nyuma kwanza. Lakini niliona jua, nikaona yule shofeli anafungua mulango wa gari, na mudomo wangu ukasema:

"Sasa twende kuume."

Nilimuambia mahali pa kwenda. Sikumuambia fimbo ya kuvuta. Mimi mwenyewe ningesema kuume moyoni, na mukono ungevuta kushoto bila kungoja. Yeye alisikia kuume, akavuta ya kuume.

Munyororo wa kuume ukaachiliwa, ukakimbia. Mashini ikageuka kushoto, kwenye bonde.

"Ingine," nikasema. "Abdallah, ile ingine."

Alivuta zaidi ile ile. Mutu akiogopa anakaza alichoshika. Mbele yangu barabara iliisha, nikaona majani ya michikichi kutoka juu, mahali ambapo mutu haoni kawaida.

Mukono wangu wa kushoto ulitoka. Sikuutuma. Fimbo ya bamba iko kuume kwa kiti, karibu na goti langu. Ukaishika, ukashusha. Haukuangusha. Ukashusha kama siku zote, polepole, wakati roho ilikuwa inataka haraka. Bamba likagusa, likakwaruza, likauma. Nyuma ya mashini ikainuka kidogo, ikashuka. Motere ikazimika.

Udongo kidogo ulianguka bondeni, tukausikia ukifika.

"Achia fimbo," nikamuambia.

Aliachia kidole kimoja kimoja. Alitazama mbele, akatazama mukono wangu. Bado ulikuwa kwenye chuma. Niliutoa.

"Sasa umeshika tayari," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mutoto. "Endesha wewe, shemeji. Nakuomba. Tumalize."

"Nilishika mara moja. Sishiki tena."

"Nani ataona?"

"Washa mashini."

Aliwasha. Alirudi nyuma, na mimi safari hii nilitaja fimbo tu, sikutaja njia. Vuta kushoto. Achia. Vuta kushoto. Rundo la mwisho lilienda. Jeep ilipita kandokando ya ukuta, magurudumu yakiteleza, Yaya Zaina akiwa mbele, uso umenyooka. Hakunisalimia. Mutu wa mukeka hasalimiwi njiani.

Usiku ulipita. Asubuhi alikwenda kwanza kaburini. Alikaa pale kwenye kiti chake cha plastiki, akaongea na mudogo wake kwa Kibangubangu, muda murefu, kama watu wanaoongea wakimenya karanga. Alipomaliza aliniita. Walileta beseni ya maji na wembe. Wazee wa kijiji walikaa, wanawake walikaa. Aliniweka kati ya magoti yake, akaanza kuninyoa. Mukono wake ni mwepesi. Nilifunga macho. Nilidhani imekwisha.

Nyuma yangu Abdallah alikuwa anawasimulia watu. Toka jana alikuwa ameniahidi atafunga mudomo. Lakini mutu aliyeendesha buldoza anawezaje kufunga mudomo.

"Mukisikia watu wanasema shemeji anajua, hamujui. Mashini haina freni hata moja. Mimi nimekaa pale, ninashuka, ninapiga. Udongo, puu, bondeni. Mwisho ananiambia kuume. Ninavuta kuume, mashini inaenda kushoto. Ninaona michikichi hapa, chini ya miguu. Ningekuwa marehemu. Shemeji akatoa mukono, akashusha bamba taratibu, kama anamufunika mutoto—"

Wembe ulisimama katikati ya kichwa changu.

"Gérard," Yaya Zaina akasema.

"Yaya."

"Ulishika?"

"Nilishika."

"Mukono gani?"

"Wa kushoto."

"Na wa kuume?"

"Nilikuwa nimeukalia."

Abdallah akasema, "Yaya, kosa ni langu, mimi ndiye nili—"

"Wewe nyamaza. Nitafika kwako."

Muzee mumoja alisema kwamba kwa desturi naanza upya, nirudi kwenye mukeka. Mwingine alisema bila mukono ule gari isingefika. Mwanamuke mumoja alisema Abdallah na mimi tungefika, lakini chini bondeni. Watu walianza kubishana. Mimi nilikuwa na kichwa nusu, maji yananishuka shingoni, na nilichoka. Kama wangeniambia nianze upya, ningeanza. Kama wangeniambia simama, sijui kama magoti yangekubali.

"Hii si ya musikiti wala ya kanisa," Yaya Zaina akasema. "Ni ya kwetu, na dada mukubwa ni mimi. Kichwa hakikushika chuma. Miguu haikushika. Sitamurudisha mutu muzima kwenye mukeka kwa ajili ya mukono mumoja."

Akaendelea kuninyoa mpaka akamaliza. Akaniosha uso. Akaniosha mukono wa kuume, kidole kwa kidole, akaufuta kwa kitambaa chake. Nilimupa na wa kushoto. Aliutazama, hakuutia majini. Alipasua ukingo wa kitenge chake, akaufunga pale kwenye kifundo cha mukono, fundo la nguvu, kwa meno.

"Huu ulimukimbia mudogo wangu kabla ya ruhusa," akasema. "Unabaki na yeye. Haushiki chuma mpaka nirudi niufungue. Wewe, sehemu iliyobaki yote, simama."

Nilisimama. Abdallah alinishika kwapa.

"Utarudi lini, Yaya?" nikauliza.

"Barabara ikiwa wazi."

"Barabara inafunguliwa kwa mikono miwili," Abdallah akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Yaya Zaina alimugeukia.

"Ndiyo. Kwa hiyo unabaki hapa. Utakaa kwenye kile kiti mpaka mikono yako ijue kile kilima. Wake zako nitawaambia mimi."

"Watafurahi," akasema.

Hapo ndipo yeye mwenyewe, Yaya Zaina, alicheka kidogo, akajifuta macho kwa kile kitenge kilichopasuka, akaendelea kuyafuta.

Yaya Zaina na shofeli wake waliondoka baada ya chakula. Sikumuomba afungue kile kitambaa. Siku zote zile nilikuwa ninataka mutu aniachilie, na aliponiachilia nusu, ile nusu nyingine ilikaa kwenye kifundo changu bila uzito wowote, na sikuona haraka.

Nilitembea nao mpaka pale barabara inapoanza kushuka. Gari ilisimama, kioo kikashuka.

"Mukono?" akauliza.

Niliuinua akauona.

"Vizuri," akasema. "Kula samaki."

Jeep ikaanza kushuka. Ile iko na freni. Ilikuwa inalia kwenye kila kona, tena na tena, na nilisimama pale nikiisikia mpaka chini.